Beki aliyegeuka straika, kipa wa akiba na kijana wa kidato cha tatu: nani kavuka matarajio?

SWALI: "Mimi ni katibu wa ligi ya mtaa hapa Nkuhungu, Dodoma. Tuna timu nane, kila timu imecheza mechi 14. Mfadhili ametoa jezi na fedha kidogo kwa mchezaji aliyevuka matarajio kuliko wote msimu huu, na kamati imegawanyika. Kuna straika wa miaka 27: msimu uliopita alifunga mabao 3, safari hii 13. Lakini mwaka jana alikuwa beki wa kushoto, na sasa penalti zote anapiga yeye. Kuna kipa aliyekuwa wa akiba, akaingia mechi ya 5 baada ya mwenzake kuvunjika kidole. Kabla yake timu ilifungwa mabao 11 katika mechi 4. Yeye amefungwa 7 katika mechi 10. Na kuna winga wa kidato cha tatu, miaka 17, msimu wake wa kwanza, amefunga 6. Mmoja wetu anasema namba hazidanganyi, mpeni straika yaishe. Mzee mmoja anasema tuzo hii haiwezi kwenda kwa timu inayoongoza ligi, maana huko kila mtu anategemewa. Wengine wanamtaja George Mpole wa Geita kuwa ndiye kipimo. Tunapimaje jambo hili bila kugombana?"

JIBU: Katibu, pole na kazi ya kuendesha ligi, na ahsante kwa kuandika kwa kina. Umetaja umri, nafasi uwanjani, idadi ya mechi na hata kidole cha yule kipa wa kwanza. Wengi wanaoniuliza swali la namna hii hunitajia majina tu na kuniambia nichague.

Hofu yako naiona iko mara mbili. Moja ni kumpa zawadi asiyestahili. Ya pili hukuitaja waziwazi, lakini inasomeka kwenye swali lako: kamati ikionekana imependelea, kuna timu itasusa msimu ujao. Maoni yangu kuhusu wachezaji wako watatu nitakupa bila kuficha, ila naomba tuanze na namna ya kupima. Kamati ikikubaliana kipimo kabla ya majina, jina likitoka watu hulipokea hata kama halikuwa lao.

Nianze na huyo wa namba hazidanganyi. Mabao 13 ni ya kweli, na 3 ni ya kweli. Kosa ni kutoa 3 kwenye 13 na kusema jamaa amezidi kwa 10. Yale 3 yalifungwa na beki wa kushoto, na kwa mechi 14 huyo alikuwa beki wa kuogopwa. Haya 13 yamefungwa na mshambuliaji wa kati anayepiga penalti. Mtu ni yule yule, kazi ni mbili. Jiulizeni hivi: mshambuliaji wa kati wa timu ile, mwenye ruhusa ya kupiga penalti, katika ligi yenu, tungemtegemea afunge mangapi? Fungua daftari la misimu iliyopita uwatazame washambuliaji wa kati. Ukikuta kwa kawaida hufunga 7 au 8, basi ziada yake ni 5 au 6. Kisha hesabu penalti. Kwenye soka, penalti huingia takriban 3 katika kila 4, kwa hiyo kama amepiga 4, mpigaji yeyote wa kawaida angetia 3. Ziada yake inazidi kupungua, ingawa haijaisha.

Kwa hiyo matarajio yawekwe kulingana na kazi ambayo mchezaji alipewa kweli, wala msiangalie tu alichofanya mwaka jana kwenye kazi nyingine. Mkishaipata ziada iliyobaki, ndipo muulize imetoka wapi. Kwa uzoefu wangu hutoka sehemu tatu: nafasi aliyopewa, bahati, na uwezo ulioongezeka. Watu hupenda kuiona hiyo ya tatu peke yake.

Nitakupa mfano wa mbali, kwenye hoki ya barafuni, kwa sababu ligi ya NHL ya Marekani na Kanada huandika kila mkwaju unaolenga lango na kila dakika ya kila mchezaji, mambo ambayo ligi nyingi za huku haziandiki. William Karlsson, Mswidi, msimu wa 2016-17 alifunga mabao 6 akiwa na Columbus. Timu mpya ya Las Vegas, Vegas Golden Knights, ilipoanzishwa mwaka 2017, Columbus walikuwa tayari aondoke. Msimu wa 2017-18 akafunga 43, na timu ile, ikiwa na mwaka wake wa kwanza kabisa kwenye ligi, ikafika fainali ya Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Ukiuliza mashabiki wa hoki nani alivuka matarajio katika miaka ya karibuni, jina lake halikosekani.

Sasa tumfungue. Columbus alikuwa akicheza kama dakika 13 kwa mechi. Vegas walimpa zaidi ya 18. Hiyo ni nafasi. Alipiga mikwaju 184 iliyolenga lango na 43 ikaingia, yaani asilimia 23.4, wakati kwenye ligi ile mkwaju wa kawaida huingia kwa asilimia 9 hivi. Hakuna anayedumu kwenye 23. Msimu uliofuata alipiga mikwaju 169, karibu ile ile, lakini ikaingia 24 tu, asilimia 14.2. Hakuwa ameharibika. Sehemu ya bahati ilikuwa imerudi ilikotoka, na uwezo ukabaki: mabao 24 bado ni mara nne ya yale 6. Msimu wa 43 ulikuwa na vyote vitatu ndani yake, na sehemu ya kila kimoja ilionekana vizuri baadaye tu.

Kwenu huko Nkuhungu bahati ina nguvu zaidi, kwa sababu mechi ni 14 wala si 82 kama za NHL msimu ule. Chukua straika ambaye uwezo wake halisi ni mabao 7 kwa msimu wa mechi 14. Bila kubadilika chochote, msimu mmoja anaweza kumaliza na 4 na mwingine akamaliza na 10, kwa mpira kugonga mwamba na kuingia badala ya kutoka, au kwa kipa wa upande wa pili kuteleza. Halafu mna timu nane, wachezaji wanaozidi 100. Katika watu 100, kila msimu lazima apatikane mmoja ambaye kila kitu kilimwendea sawa, na huyo ndiye macho yote yanamwangukia. Hata Ligi Kuu haikwepi hili. Saidi Ntibazonkiza aligawana ufungaji bora wa 2022-23 na Fiston Mayele, kila mmoja mabao 17, na katika yale ya Ntibazonkiza, 5 yalitoka kwenye mechi moja, Simba walipoifunga Polisi Tanzania 6-1 mwezi Juni 2023. Simbezi, kufunga matano kwenye mechi moja ya Ligi Kuu ni kazi ya mwanaume. Ninachosema ni kwamba siku moja inaweza kubeba karibu theluthi ya msimu mzima.

Je, aliyebebwa na bahati anyimwe tuzo? Hapana. Tuzo inalipa kilichotokea, na bao la kugonga mguu wa beki linahesabiwa. Uwezo unatakiwa upimwe kwa ukali pale timu inapotaka kumsajili mtu kwa msimu ujao. Mabishano mengi ya vijiweni hayaishi kwa sababu mmoja anajibu nani katushangaza, mwingine anajibu nani ameimarika kweli, na wote wanadhani wanajibu swali moja. Kamati iamue kabla ya kikao inajibu lipi. Mfadhili wenu, kwa maelezo yako, ameuliza la kwanza.

Kuhusu George Mpole, wanaomtaja wamechagua vizuri, ila wamshike kwa sababu sahihi. Msimu wa 2021-22 alimaliza mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17, akiwa na Geita Gold iliyokuwa imetoka kupanda daraja. Aliyemfuata, Mayele, alikuwa na 16, akicheza Yanga ambayo msimu ule ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mayele alikuja kutoka AS Vita Club ya Kinshasa akiwa na jina. Kabla ya filimbi ya kwanza watu walishamtegemea. Mpole hakuna aliyemweka hata kwenye orodha. Nyuma yake hapakuwa na viungo wa kimataifa wa kumlisha mipira. Geita ikamaliza ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika.

Kuna anayeweza kusema 17 ni machache, mbona Meddie Kagere wa Simba alifunga 23 msimu wa 2018-19 na 22 uliofuata? Misimu ile ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38. Ya Mpole ilikuwa na timu 16, mechi 30. Ukigawa kwa mechi ambazo ligi ilitoa, Kagere wa mabao 23 anapata 0.61 na Mpole 0.57. Karibu wanalingana, na mmoja wao alikuwa Simba. John Bocco alichukua kiatu cha mfungaji bora cha 2020-21 kwa mabao 16, ligi ikiwa na mechi 34. Katika wafungaji bora wa Ligi Kuu tangu mwaka 2018, mimi kura yangu ya aliyevuka matarajio naipeleka kwa Mpole bila kusita, hata mbele ya Stephane Aziz Ki na mabao yake 21 ya msimu wa 2023-24, ambayo kwa hesabu tupu ni msimu mkubwa kuliko ule wa Mpole. Aziz Ki tulijua ni moto. Kwa Mpole tulikuwa hatujui.

Mzee wenu hapo ana nusu ya ukweli. Kwenye timu kubwa matarajio huanza juu, hivyo ni vigumu kuyavuka. Lakini haiwezekani ni neno zito. Mtazame Feisal Salum msimu huo huo wa 2023-24: kiungo, ametoka kukaa nje miezi kadhaa kwa mgogoro wa mkataba, anatua Azam, klabu ya juu kabisa, na kufunga 19. Kiungo! Ukiniambia yeye ndiye aliyevuka matarajio msimu ule, nitakuelewa kabisa, japo Azam walimsogeza karibu na lango na hilo nalo lihesabiwe. Mkiandika kanuni ya kuzuia timu inayoongoza, mtakuwa mmeipa timu dhaifu zawadi kwa udhaifu wake. Msiiandike.

Sasa kipa wako, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu makipa huonewa sana kwenye tuzo hizi. Kipa hafungi, na mabao anayoruhusu hutegemea mabeki walio mbele yake. Ndiyo maana kumlinganisha na kipa wa timu nyingine ni kazi bure. Kipimo kizuri ni kipa mwingine aliyesimama nyuma ya mabeki wale wale, msimu ule ule. Na wewe, kwa ajali ya kidole kile, unacho kipimo hicho mkononi.

Kwenye hoki kuna kisa kinachofanana na chenu. St. Louis Blues walikuwa mkiani mwa ligi nzima tarehe 3 Januari 2019. Siku chache baadaye wakamwanzisha Jordan Binnington, kipa ambaye msimu ulipoanza alikuwa mbali chini kwenye foleni. Akashinda mechi 24 na kupoteza 5 ndani ya muda wa kawaida, na mwezi Juni wakabeba Kombe la Stanley. Mwenzake Jake Allen, nyuma ya mabeki wale wale msimu ule, katika kila mikwaju 1,000 aliokoa 905. Binnington aliokoa 927. Kwa masikio tofauti ni ndogo. Langoni maana yake ni mabao 95 dhidi ya 73. Lakini haki itendeke pia: Blues walikuwa wamebadilisha kocha mwezi Novemba, kabla Binnington hajaingia. Sehemu ya sifa ni ya kocha mpya, Craig Berube, na mabeki walioanza kujipanga upya.

Kwa hiyo usikimbilie 11 katika mechi 4 dhidi ya 7 katika mechi 10 ukamaliza hapo. Kuna mambo mawili ya kukagua. Angalia ratiba: zile mechi 4 za mwanzo walicheza na nani? Kama walipangiwa timu tatu za juu mfululizo, tofauti itapungua. Kisha kumbuka upepo. Unaijua Dodoma ya kiangazi, Julai hadi Septemba: vumbi linanyanyuka kwenye uwanja mkavu, kipa anapiga mpira mrefu na unamrudia kabla ya katikati, na kipindi cha pili upande wa pili wanapiga kutoka mbali kwa sababu upepo unawasaidia. Kama ligi yenu ilianza kwenye upepo mkali na kumalizia hali ikiwa shwari, kipa wa kwanza aliteseka kwa jambo ambalo si lake. Waulize waamuzi wenu, wao hukumbuka. Ukaguzi huo ukipita salama, basi mna mtu aliyetoka benchi na kuikata idadi ya mabao ya kufungwa kutoka karibu 3 kwa mechi hadi chini ya 1, na hakuna aliyemtegemea. Mechi 4 ni chache, hilo nakiri, lakini pengo ni pana.

Huyo winga wa kidato cha tatu simwoni akiwa wa kwanza safari hii, ingawa roho inamtaka. Mchezaji mpya hana kilichotarajiwa kwake. Sisi ndio hatukumjua. Mpimeni kwa wageni wa misimu iliyopita: vijana waliocheza ligi yenu kwa mara ya kwanza walifunga mangapi? Kama wengi waliishia bao 1 au 2, basi 6 ni kitu kikubwa na anastahili kutajwa mbele ya watu siku ya fainali. Mkiweza, mpeni tuzo ya chipukizi, hata iwe mpira mmoja tu.

Kwa maelezo niliyonayo, mimi ningempa kipa. Straika ni wa pili kwa karibu, na atakuwa wa kwanza kama daftari litaonyesha penalti zake zilikuwa 1 au 2 tu na kwamba washambuliaji wa kati wa ligi yenu kwa kawaida hawafiki 7. Kwa hiyo usisome kikaoni jina nililolichagua mimi, soma hesabu.

Kwenye kikao chenyewe, jihadhari na jambo moja. Msimu umekwisha, na kila mjumbe sasa atasema yeye alijua tangu mwanzo. Wala hawadanganyi kwa makusudi. Matokeo yakishaonekana, kumbukumbu hujipanga kuyafuata. Dawa yake ni ukurasa wa mechi ya kwanza kwenye daftari lako. Nani alianza, nani alikaa benchi, nani hakuitwa kabisa? Ukurasa ule uliandikwa kabla mtu hajajua chochote, na unaonyesha makocha wenyewe walimtegemea nani. Usome kwa sauti kabla ya majadiliano. Kisha kila mjumbe aandike majina mawili kwa siri, yakusanywe, ndipo mjadala uanze. Mjumbe ambaye timu yake ina mchezaji kwenye orodha asipige kura kwa mchezaji huyo. Na msimu ujao, wiki moja kabla ya kuanza, waambieni makocha wote nane waandike wanachotegemea kwa kila mchezaji wao, bahasha zifungwe, ukae nazo wewe.

Kama bado mtashikana mashati, msiendelee kuzozana kwenye simu usiku kucha. Mwiteni mtu asiye na timu kwenu: kocha mwenye leseni, au afisa michezo wa halmashauri ya jiji, akae nanyi jioni moja na daftari mezani. Fedha za mfadhili zikiwa ndani, ni vizuri pia mfadhili mwenyewe awepo na asaini alichokubali.

Jambo la mwisho ni la huyo kijana, na naomba ulichukulie kwa uzito kuliko tuzo yenyewe. Winga wa miaka 17 mwenye mabao 6 ataanza kufuatwa na watu. Akitokea mtu na karatasi ya kusaini, au ahadi ya majaribio nje ya nchi, isisainiwe kitu uwanjani wala kwenye gari la mtu. Kanuni za FIFA kwa ujumla haziruhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti maalumu, na mkataba wa mchezaji wa umri huo hauruhusiwi kuzidi miaka 3. Mtu anayewaambia vinginevyo, mwombeni ayasemee hayo kwenye ofisi ya chama cha soka cha wilaya. Nendeni pamoja na mzazi wake, mkiwa na cheti cha kuzaliwa cha kijana na nakala ya karatasi hiyo, na shule yake ijulishwe kabla hajasafiri popote.